Unene na Mlazo: Safari ya Herufi Nzito za Mlazo hadi Nyaraka za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya herufi nzito za mlazo zenye serifu, tangu mlazo ulipochongwa Venice mwanzoni mwa karne ya 16 na unene ulipoingia sokoni London katika karne ya 19, hadi sura hizo mbili zilipounganishwa na kuwekwa chini ya kidole cha kila mwenye kompyuta. Hoja yake ni kwamba sura hii imerithi kazi mbili ambazo hazikukusudiwa lugha yetu: kuandika upesi na kupaza sauti. Katika Kiswahili, nafsi, ukanushi na msisitizo hubebwa na irabu au silabi iliyo ndani ya neno; kwa hiyo matumizi ya sura hiyo katika mikataba, sheria na matangazo ya umma yanahitaji kuangaliwa upya. Mifano ya Kiswahili imetungwa na mwandishi.

Utangulizi

Tuchukue sentensi mbili za mkataba wa pango: "Atalipa gharama za ukarabati" na "Utalipa gharama za ukarabati". Zinatofautiana kwa herufi moja tu, na herufi hiyo ndiyo inayoamua nani anadaiwa. Zikipigwa chapa kwa herufi wima za kawaida zenye serifu, irabu "a", yenye paa juu na tumbo chini, haiwezi kudhaniwa kuwa "u". Zikipigwa kwa mlazo, paa linaondoka. Kinachobaki ni tumbo moja lililofungwa juu, umbo ambalo kwa hakika ni "u" iliyozibwa mdomo. Ukiongeza unene, kisha ukatoa nakala ya nakala kwenye mashine iliyochoka, weupe ulio ndani ya tumbo hilo hujaa wino na mdomo wa "u" nao huanza kuziba. Msomaji mzoefu atakisia kwa kuzingatia muktadha. Lakini mkataba hauandikwi ili ukisiwe.

Hata hivyo, tukifungua mikataba, sera na miongozo inayotafsiriwa katika nchi zetu, tunakuta kwamba vifungu vya wajibu na makatazo ndivyo vinavyowekwa katika herufi nzito za mlazo. Imekuwaje sura ya herufi iliyo ngumu kusomwa ikapewa maneno ambayo hayapaswi kukosewa? Jibu halimo katika sarufi wala katika sheria. Limo katika historia ya upigaji chapa, historia ambayo wataalamu wa Kiswahili tumewaachia watu wa mitambo.

Istilahi ziwekwe sawa kwanza. Serifu ni vile vijistari vidogo vinavyomalizia ncha za herufi katika sura za chapa kama Times. Herufi za mlazo, ambazo wengi wamezoea kuziita italiki, huinamia kulia na aghalabu huwa na maumbo yao wenyewe. Si herufi wima zilizoegemezwa tu. Herufi nzito ni zile zilizonenepeshwa mistari, au kama isemwavyo shuleni, zilizokolezwa wino. Herufi nzito za mlazo ni zao la ndoa ya hizo mbili, na ndoa hiyo ilifungwa wakati kila mmoja ameshakuwa na maisha yake ya nyuma.

Mwandishi mwenye haraka

Mlazo haukuzaliwa ili usisitize neno. Ulizaliwa uwe hati ya kitabu kizima. Mchapishaji Aldus Manutius wa Venice alimpa kazi ya kuuchonga Francesco Griffo, fundi kutoka Bologna. Maneno machache ya hati hiyo yalionekana mwaka 1500 ndani ya picha katika chapa ya barua za Mtakatifu Katarina wa Siena. Aprili 1501 ikatoka diwani ya mshairi Mrumi Virgil iliyopigwa chapa yote kwa mlazo, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ilikuwa katika umbo dogo, kitabu cha kushikwa kwa mkono mmoja, bila maelezo ya wafasiri pembezoni. Hakuna neno hata moja lililowekwa katika mlazo ili litofautiane na jirani yake, kwa kuwa jirani yake naye alikuwa katika mlazo. Herufi kubwa pekee ndizo zilizosimama wima. Kulazwa kwake kulikuja baadaye katika karne hiyo.

Mara nyingi husemwa kwamba mlazo ulibuniwa ili kubana nafasi na kuokoa karatasi. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, ila hayatoshi. Kilichoigwa na Griffo ni mwandiko wa wasomi wa Italia wa karne ya 15, ambao ulikuwa pia mwandiko wa makarani wa ofisi ya barua za Papa. Ulikuwa mwandiko wa mtu mwenye elimu na mwenye haraka. Sifa yake kuu ni kwamba kalamu hainyanyuliwi mara nyingi: "a", "d" na "q" zote huanza na mwendo mmoja wa mkono. Ludovico degli Arrighi, karani aliyetoa kitabu cha kufundishia mwandiko huo mwaka 1522, aliujenga ufundishaji wake juu ya miendo michache ya msingi inayozaa herufi nyingi. Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo letu la "atalipa" na "utalipa". Paa la "a" ni anasa ambayo karani mwenye haraka hawezi kuimudu.

Biashara nayo haikukosa kuingia. Aldus aliomba na kupewa na Seneti ya Venice haki ya pekee ya kutumia hati hiyo, lakini wachapaji wa Lyon waliiga upesi, naye mwaka 1503 akatoa onyo la hadharani dhidi ya nakala zao. Griffo, ambaye mikono yake ndiyo iliyochonga, hakuwa na haki yoyote. Aliachana na Aldus, akaenda Fano kwa mchapaji Gershom Soncino, na Soncino ndiye aliyeandika mwaka huo huo wa 1503 kwamba mbunifu wa kweli wa hati hiyo ni Francesco wa Bologna. Wanaojadili leo haki za wabunifu wa fonti wangefaidika kuanza hapo.

Kutoka kitabu kizima hadi neno moja

Katika karne hiyo ya 16, hasa nchini Ufaransa, mlazo ulishushwa cheo. Wachongaji kama Robert Granjon walitengeneza milazo iliyooana na herufi wima, na wachapaji wakaanza kuzichanganya katika ukurasa mmoja: wima kwa matini, mlazo kwa dibaji, vichwa, manukuu, majina na maneno ya lugha ngeni. Kilichokuwa hati ya kitabu kikawa alama ndani ya kitabu.

Alama ya nini? Si ya msisitizo pekee. Mfano unaofundisha zaidi ni Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa Geneva mwaka 1560. Humo, maneno yaliyoongezwa na watafsiri ili sentensi ikamilike, ilhali hayamo katika matini asilia, yaliwekwa katika mlazo. Desturi hiyo iliendelea katika matoleo mengi ya baadaye ya Biblia za Kiingereza. Mlazo hapo ulimwambia msomaji: neno hili ni letu, si la asili, lichukue kwa tahadhari. Msomaji wa leo, aliyezoea mlazo kuwa sauti iliyopazwa, hulisoma neno hilo hilo kwa mkazo. Alama ya unyenyekevu wa mtafsiri imegeuzwa kuwa alama ya nguvu. Kwa sisi tunaoshughulika na tafsiri, hilo ni onyo kwamba maana ya sura ya herufi haimo ndani ya sura. Imo katika mapatano ya wasomaji, na mapatano hayasafiri na herufi.

Unene, mtoto wa ukutani

Kwa takribani miaka 300 baada ya Aldus, mchapaji aliyetaka neno lionekane aliongeza ukubwa, akatumia herufi kubwa, akaweka wino mwekundu, au akachukua hati nyingine kabisa. Herufi iliyonenepeshwa ili iandamane na wima ya kawaida haikuwepo katika kasha lake.

Unene ulitoka mitaani. Mwanzoni mwa karne ya 19 London ilijaa mabango ya bahati nasibu, michezo ya jukwaani na bidhaa. Mchongaji Robert Thorne alitoa herufi nene kupindukia, ambazo mistari yake minene ilikaribia kumeza weupe wote wa ndani huku mistari myembamba ikibaki kama uzi. Thorne alipofariki mwaka 1820, kiwanda chake kilinunuliwa na William Thorowgood, ambaye inasimuliwa kwamba fedha zake alizipata kwa kushinda bahati nasibu. Kama ni kweli, basi mabango yalimlipa mara mbili. Kiwanda hicho kiliuza herufi nene wima na pia za mlazo. Kwa maneno mengine, herufi nzito za mlazo zenye serifu zilienea kwanza ukutani, zikisomwa na mpita njia kutoka ng'ambo ya barabara, zikishindana na bango la jirani. Hakuna aliyetegemea zibebe kifungu cha sheria.

Mwaka 1845 kiwanda hicho hicho cha Fann Street, ambacho Robert Besley alikuwa mshirika wake, kilitoa herufi iliyoitwa Clarendon, iliyochongwa na Benjamin Fox. Hii haikuwa ya bango. Ilikusudiwa kukaa ndani ya mstari mmoja na herufi za kawaida na kulitoa neno mbele bila kulikuza. Besley aliisajili chini ya sheria mpya ya ulinzi wa michoro, akapata kinga ya miaka mitatu. Muda ulipokwisha, washindani wakaiiga bila haya. Kamusi, ratiba za treni na orodha za bei ziliipokea kwa furaha, kwa sababu msomaji wake hasomi, anatafuta. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884, iliweka vidahizo vyake katika herufi nzito za aina hiyo. Mantiki yake inafaa kukumbukwa: unene ni wa jicho linalopekua, mlazo ni wa jicho linalosoma. Kazi hizo mbili hazifanani, na mtu anayetaka zote mbili kwa wakati mmoja ana wajibu wa kueleza anataka nini.

Nafasi 225

Kwa nini basi vitabu vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 vina herufi nzito za mlazo chache kiasi hicho? Miongozo ya uhariri ya zama hizo huzungumzia ladha na adabu ya ukurasa. Ladha ilikuwepo, lakini pia ilikuwepo hesabu.

Mashine ya Linotype, iliyoanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ilipanga mistari kwa kalibu za shaba. Kalibu moja kwa kawaida ilibeba sura mbili za herufi ile ile: wima na mlazo, au wima na nzito. Sura hizo mbili zililazimika kuwa na upana mmoja, ndiyo maana mlazo wa magazeti mengi ya zamani unaonekana kama umevutwa kwa nguvu. Sura ya nne haikuwa na pa kukaa. Mashine ya Monotype, iliyotumika sana katika vitabu, ilikuwa na fremu ya kalibu 225, safu 15 kwa 15. Ukishaweka wima kubwa na ndogo, mlazo kubwa na ndogo, herufi kubwa zenye kimo kifupi, tarakimu na alama za uandishi, na ukabahatika kupata nafasi ya nzito, fremu imejaa. Aliyetaka nzito za mlazo alilazimika kufunga fremu nyingine, yaani kusimamisha kazi, na kusimamisha kazi ni gharama. Hivyo mwandishi aliulizwa na mpanga chapa: je, neno hili lina thamani hiyo? Swali hilo lilichuja mengi.

Sura tunayoijua zaidi leo ilizaliwa katika mazingira hayo. Tarehe 3 Oktoba 1932 gazeti la The Times la London lilianza kutumia herufi mpya zilizosimamiwa na Stanley Morison na kuchorwa na Victor Lardent, ambazo baadaye ziliuzwa kwa jina la Times New Roman. Miaka sita kabla yake, mwaka 1926, Morison alikuwa ameandika katika jarida la The Fleuron kwamba mlazo bora ni herufi wima iliyoinamishwa tu, bila mapambo ya kalamu. Mlazo wa Times haukufuata nadharia hiyo. Ulibaki na maumbo ya karani, na "a" yake ni ya tumbo moja. Laiti nadharia ile ingeshinda, "a" ya mlazo ingebaki na paa lake, na nusu ya makala haya isingehitajika.

Ofisi za Afrika Mashariki hazikuwa na Linotype wala Monotype mezani. Zilikuwa na taipureta. Taipureta haina mlazo wala unene. Ilikuwa na mstari wa chini, na katika alama za wasahihishaji mstari mmoja chini ya neno ulimwagiza mchapaji aweke mlazo, mstari wa mawimbi ukamwagiza aweke nzito, na yote mawili pamoja yakamwagiza aweke nzito za mlazo. Mitihani yetu ingali ikimwambia mtoto aeleze maana ya "maneno yaliyopigiwa mstari". Huo ni urithi wa taipureta, na kwa Kiswahili ulikuwa urithi mwema, kwa kuwa mstari wa chini hauigusi herufi yenyewe. "A" ilibaki "a".

Kidole kimoja, vitufe viwili

Mwaka 1985 kampuni ya Apple ilitoa mashine ya kuchapia iitwayo LaserWriter ikiwa na fonti 13: nne za Courier, nne za Helvetica, nne za Times na moja ya alama. Nne hizo ni kawaida, nzito, mlazo, na nzito za mlazo. Mwaka 1992 Windows 3.1 ilikuja na Times New Roman katika mgawanyo huo huo wa nne. Tangu hapo familia ya herufi yenye watoto wanne imekuwa kama kanuni ya maumbile. Kile ambacho mpanga chapa alikifuata kwenye fremu nyingine sasa kinapatikana kwa kubonyeza vitufe viwili, na swali la thamani ya neno haliulizwi na mtu yeyote. Mbaya zaidi, fonti isiyo na sura ya nne haikatai: programu huinenepesha na kuiinamisha yenyewe, ikatoa kitu ambacho hakuna mchongaji aliyekitazama kwa jicho.

Kiswahili ndani ya sura ya wengine

Hadi hapa tumezungumzia Venice, London na Marekani, kwa sababu huko ndiko sura hii ilikotengenezwa. Sasa tuitazame inapobeba Kiswahili.

Kiswahili cha herufi za Kirumi hakihitaji alama za juu wala herufi za ziada. Fonti yoyote ya Ulaya hukipokea bila marekebisho, na kwa hiyo hatukuwahi kulazimika kumwagiza mchongaji atutengenezee chochote. Lugha nyingi za bara hili zenye alama za toni zimepigania herufi zao. Sisi tulipewa zilizo tayari, tukashukuru. Lakini kuenea ndani ya nguo si sawa na kushonewa. Irabu "a" ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika matini ya Kiswahili. Anayetilia shaka na aihesabu katika aya hii. Ndiyo pia herufi ambayo mlazo huibadilisha zaidi. Ukurasa wa Kiingereza ukiwekwa katika mlazo hubadilika sura; ukurasa wa Kiswahili hubadilika uso mzima. Na irabu zetu si za kupitia tu. "A-" na "u-" hutenganisha nafsi ya tatu na ya pili. "Ya" na "yo", "cha" na "cho", "la" na "lo" hutenganisha umilikaji na urejeshi. Weupe wa ndani ukijaa wino, vyote hivyo hukaribiana.

Tatizo la pili ni la ukanushi. Kikanushi cha Kiingereza kwa kawaida ni neno linalosimama peke yake. Mwandishi wa sheria hulinenepesha na kulilaza, na msomaji hawezi kulikosa. Kikanushi cha Kiswahili kimo ndani ya kitenzi: "hataruhusiwa", "usifungue", "asiyelipa". Pengine kimegawanyika katika ncha mbili, kama katika "halipi". Mtafsiri anayetakiwa "kudumisha muundo wa nakala asilia" ana njia tatu, na zote ni mbaya. Anaweza kukoleza silabi moja, akapata neno lenye kichwa kinene na mwili mwembamba. Anaweza kukoleza kitenzi kizima, na hapo kinachosikika zaidi ni mzizi, si ukanushi. Au, kama ilivyo rahisi anapotumia programu ya tafsiri, anaacha ukolezaji uangukie neno lolote lililokalia nafasi ile katika sentensi.

Tatizo la tatu ndilo la msingi. Msemaji wa Kiingereza husisitiza neno kwa kulipazia sauti pale pale lilipo, na mlazo wa kisasa ni kumbukumbu ya sauti hiyo kwenye karatasi. Kiswahili, ambacho mkazo wake wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hutegemea zaidi muundo: "Mkurugenzi ndiye atakayetia saini", "ni wewe uliyeomba", "mimi nimeshalipa", "kulipa, amelipa". Sentensi ya kwanza haihitaji wino wa ziada. Ukiukoleza usemi wenye "ndiye", unamsisitizia msomaji mara mbili, na msisitizo wa pili humfanya auone wa kwanza kuwa haukutosha.

Hata kabla ya herufi za Kirumi Kiswahili kilijua kulivuta jicho. Hati ya Kiarabu haina desturi ya kulaza herufi ili kusisitiza, na miswada ya tendi zetu, jadi ambayo Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ni shahidi wake wa mapema, ilitenga vipande vya beti kwa mpangilio wa mistari na kwa vialama, mara nyingi kwa wino wa rangi nyingine. Mwandishi wa muswada aliligusa eneo lililozunguka neno, akaliacha neno lenyewe salama. Taipureta, bila kujua, ilifanya vivyo hivyo.

Mahali pake pa haki

Itakuwa dhuluma kuihukumu sura hii bila kutaja panapoifaa. Mahali hapo ni kamusi. Kitenzi cha Kiswahili huzaa watoto wengi: "lipa" ina "lipia", "lipana", "lipika", "lipisha", "lipwa". Frederick Johnson, katika kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, aliyapanga maumbo kama hayo chini ya mzizi wake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981, Kiswahili kilielezwa kwa Kiswahili, na ukurasa ukawa na kazi ngumu zaidi: kidahizo, kategoria, fasili na mfano, vyote katika lugha moja, visichanganyike. Hapo ngazi tatu au nne za herufi si anasa. Kidahizo kiwe nzito, mfano uwe mlazo, na neno nyambulika au nahau iliyo chini ya kidahizo iwe nzito za mlazo: msomaji anapekua na anasoma kwa pamoja, neno ni moja moja, karatasi ni nzuri, na hakuna anayedaiwa fedha kwa irabu.

Kuhusu maneno ya kigeni nitasema machache. Kanuni ya kuyalaza inadhani kwamba mpaka wa lugha unajulikana. Mhariri wa Goma anayechanganya Kifaransa, au wa Kampala anayetaja matoke, au anayeandika kuhusu mabaraza ya gacaca ya Rwanda, analaza neno la nani? Ni dhahiri kwamba "kitabu" na "serikali" hatuzilazi, ingawa zilivuka bahari. Kwa maoni yangu majina ya vyakula na taasisi za majirani zetu yasilazwe katika nyaraka za kikanda. Kumlaza jirani ni kumwambia bado ni mgeni.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Uganda iliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Rwanda iliipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. SADC iliipokea mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukaikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Kila uamuzi wa namna hiyo unazaa nyaraka, na sehemu kubwa ya nyaraka hizo ni tafsiri zinazokuja na mavazi ya lugha chanzi. Miongozo ya tafsiri inayopendekezwa katika vikao vyetu huzungumza sana kuhusu istilahi na kidogo mno kuhusu herufi. Kifungu kimoja kingetosha kuanzia: mtafsiri wa Kiswahili awe na mamlaka ya kuondoa mlazo na unene wa nakala chanzi na kuuhamishia msisitizo katika muundo wa sentensi, na panapolazimika kukoleza, zikolezwe herufi wima, sentensi nzima, kwenye mstari wake. Ofisi ambayo haiwezi kuacha mlazo itumie walau sura isiyo na serifu kama Arial, ambayo mlazo wake hubakiza paa la "a".

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuketi katika kikao cha kuhariri tafsiri ya tangazo kwa wakulima. Nakala chanzi ilikataza kuweka dawa za mimea pamoja na chakula, na kikanushi chake kilikuwa katika herufi nzito za mlazo. Katika tafsiri iliyotupwa ukutani kwa projekta, sentensi ilisomeka "Hairuhusiwi kuhifadhi dawa pamoja na chakula", na ukolezaji wote ulikuwa umehamia juu ya maneno "kuhifadhi dawa". Kwa mbali hayo tu ndiyo yaliyoonekana. Bwana shamba mmoja, mtu mzima aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, aliomba nafasi: "Mheshimiwa mwenyekiti, kwa heshima zote, huyu mkulima wangu tunamwagiza ahifadhi." Tulibadili ikawa "Ni marufuku kuweka dawa mahali penye chakula", kwa herufi nzito wima, katika mstari wake. Kazi hiyo ilichukua dakika chache. Mjadala kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuondoa mlazo uliokuwemo katika nakala ya Kiingereza ulichukua alasiri nzima, ukaahirishwa hadi kikao kilichofuata.